Kimondo Kikija: Kuzuia au Kujitayarisha?



Wasomaji wetu watukufu, mwezi uliopita tulizungumza katika ukurasa huu juu ya adabu ya kupokea khabari, tukasema kuwa khabari isiyochunguzwa ni kama maji yasiyochujwa: mwenye kiu huyanywa upesi, na maradhi huja baadaye. Mwezi huu yanilazimu nikiri mbele yenu kuwa mimi mwenyewe, niliyeyaandika hayo, nimepata kuteleza katika jambo lilo hilo. Nalisema wazi ili kijana asome na mzee mwenzangu azingatie.

Ilikuwa mwezi wa Februari mwaka 2025. Baada ya somo la alasiri chuoni, mtoto mmoja wa miaka 11 alinyosha mkono akaniuliza, "Maalim, ni kweli kwamba jiwe kubwa litaanguka kutoka mbinguni mwaka 2032 liiangamize dunia?" Nilikuwa nimechoka, na magharibi ilikuwa yakaribia. Nikamjibu kwa ukali, "Shika juzuu yako. Huo ni upuuzi wa kwenye simu." Wenzake wakamcheka, naye akainamisha kichwa. Mimi nikadhani nimefundisha.

Siku ya nne mama yake alinijia barazani. Tulipokwisha kusalimiana akasema, "Maalim, mwanangu halali usiku. Amehesabu kwa vidole, akaona kuwa siku hiyo atakuwa hajatimiza hata miaka 20. Kazi za shule hazifanyi. Asema, ya nini kusoma ikiwa dunia itavunjika? Nilimwambia akuulize wewe. Akanijibu kuwa amekwisha kukuuliza."

Nilitahayari sana. Ninaye mpwa wangu afundishaye fizikia katika shule ya sekondari. Usiku ule ule nikamwendea, mjomba mzima, nikaketi mbele yake kama mwanafunzi. Haya nitakayowaeleza nimeyapata kwake, na mengine nimeyasoma baadaye kwa kuongozwa naye.

KHABARI ILIVYOKUWA

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kuwa khabari ile haikuwa upuuzi. Ilikuwa kweli, ila ilikuwa nusu. Tarehe 27 Desemba 2024 darubini moja iliyoko nchi ya Chile iliona jiwe la angani ambalo wataalamu wa falaki walilipa jina la 2024 YR4. Upana wake ulikadiriwa kuwa kati ya mita 40 na 90. Walipoipima njia yake waliona kuwa tarehe 22 Desemba 2032 huenda likakutana na dunia yetu. Tarehe 18 Februari 2025 nafasi ya kugongana ilifikia asilimia 3.1, yaani nafasi 1 katika 32. Mstari wa mahali ambapo lingeweza kuanguka ulipita juu ya Amerika ya Kusini, Afrika, Bahari ya Arabuni na Asia ya Kusini. Basi mtoto yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alisikia jambo ambalo wakubwa wa mataifa walikuwa wakilitazama kwa makini.

Lakini kabla mwezi ule haujaisha wataalamu walipima tena na tena, na nafasi ile ikaanguka ikawa karibu na sifuri. Hatari ya mwaka 2032 kwa dunia ikaondoka. Watu wengi wakasema, "Tazameni, walikuwa wakitutisha bure." Nami nilikuwa karibu kusema hivyo hivyo, mpaka mpwa wangu alipotandika mkeka sakafuni akaweka juu yake sarafu moja.

Akasema, "Mjomba, mkeka huu ni mahali pote ambapo jiwe lile laweza kupita. Sarafu ni dunia. Mwanzoni hatujui vizuri njia yake, basi mkeka ni mpana, na sarafu ni sehemu ndogo sana ya mkeka. Kila usiku tukipima zaidi, twaukunja mkeka kidogo." Akaukunja mara moja, mara mbili. Sarafu ilikuwa bado juu yake, na sasa ilikuwa imeshika sehemu kubwa zaidi ya ule mkeka uliosalia. "Hivi ndivyo nafasi ilivyopanda," akasema. Kisha akakunja mara ya tatu, sarafu ikabaki nje juu ya sakafu tupu. "Na hivi ndivyo ilivyokwisha. Hapana aliyesema uongo. Walikuwa wakikunja mkeka."

Nikarudi chuoni siku ya pili. Nikamwomba radhi mtoto yule mbele ya wenzake wale wale waliomcheka, kisha nikatandika mkeka wetu na sarafu yangu. Walielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Yule mtoto akatulia, lakini baada ya kitambo akauliza, "Na likija jingine la kweli, Maalim, watu watafanyaje?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

MAWE HAYA NI KITU GANI

Angani kuna mawe mengi yalizungukayo jua kama dunia inavyolizunguka. Wataalamu huyaita asteroidi. Mengine ni madogo kama kokoto, mengine ni makubwa kama mlima. Yanayopita karibu na njia ya dunia na yaliyokwisha kuonekana ni zaidi ya 35,000. Jiwe la namna hiyo liingiapo katika hewa yetu likawaka, sisi hulisema kimondo.

Hayo si mageni kwetu. Huko Mbozi, kusini magharibi ya Tanzania, kimelala kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi, nacho huhesabiwa kuwa miongoni mwa vimondo vikubwa vilivyoonekana duniani. Na tarehe 14 Agosti 1992 mawe ya kimondo yalinyesha juu ya mji wa Mbale nchini Uganda. Kipande kimoja kidogo kilipita katika majani ya mgomba kikampiga mtoto mmoja kichwani, wala hakikumdhuru sana kwa kuwa mgomba ulikwisha kukipunguzia mwendo.

Hata hivyo si kila kimondo huwa na upole wa kile cha Mbale. Tarehe 30 Juni 1908 jiwe moja lilipasuka hewani juu ya msitu wa Tunguska, nchini Urusi, likaangusha miti katika eneo la kilomita za mraba 2,150 hivi. Eneo hilo lazidi kisiwa kizima cha Unguja. Lau pangekuwa na mji, usingesalia. Na wanachuoni wa ardhi wasema kuwa miaka milioni 66 iliyopita jiwe lenye upana wa kilomita 10 hivi lilipiga pale palipo Meksiko leo, likaacha shimo la upana wa kilomita 180 hivi, na viumbe wengi wa zama zile wakatoweka.

Basi hatari si moja. Jiwe dogo huja mara nyingi na madhara yake ni haba. Jiwe kubwa huja mara chache mno na madhara yake ni makuu. Hapo ndipo watu wagawanyikapo. Wako wasemao, "Tulizuie." Wako wasemao, "Hatuwezi kulizuia, tujitayarishe." Natuyatazame yote mawili kwa haki.

KUZUIA

Tarehe 24 Novemba 2021 Marekani ilirusha chombo cha angani kiitwacho DART. Kazi yake ilikuwa moja tu: kwenda kugonga. Tarehe 26 Septemba 2022, mbali nasi kwa kilomita milioni 11 hivi, kilijipiga kwa makusudi katika jiwe liitwalo Dimorphos, lenye upana wa mita 160 hivi, kwa mwendo wa kilomita 6 kila nukta moja. Jiwe lile halikuwa na hatari kwetu. Lilichaguliwa kwa kuwa lalizunguka jiwe jingine kubwa zaidi, Didymos, na hivyo ilikuwa rahisi kupima kama limetikisika.

Kabla ya kugongwa lilikuwa likizunguka kwa saa 11 na dakika 55. Wenye chombo walisema kuwa lau mzunguko ungebadilika kwa nukta 73 tu, wangehesabu kuwa wamefaulu. Ulipopimwa ulionekana umepungua kwa dakika 32 hivi. Sababu ni kuwa jiwe lilipopigwa lilirusha vumbi na vipande kwa nguvu, na vipande vile vikalisukuma nyuma, kama bunduki impigavyo mpigaji begani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa binadamu kubadili mwendo wa kitu kama hicho angani.

Wala mtu asidhani kuwa ni lazima jiwe livunjwevunjwe. Dunia yetu huenda kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kila nukta, na kwa mwendo huo huuvuka upana wake wenyewe kwa dakika 7. Basi jiwe likicheleweshwa dakika chache tu, litafika njia panda na kuikuta dunia imekwisha kupita. Kwa hesabu nyepesi ya darasani, ukiongeza au ukipunguza mwendo wa jiwe kwa sentimita 1 kwa nukta, kwa mwaka mmoja limehama kilomita 315. Kwa miaka 20 limehama kilomita 6,300, ambazo ni kama nusu ya upana wa dunia.

Wana wa pwani wanalijua jambo hili bila ya hesabu. Nahodha auonaye mwamba kwa mbali huugeuza usukani kidogo, na abiria hata hawasikii. Auonaye mwamba ukiwa chini ya omo, hata akivunja usukani kwa nguvu, chombo kitapanda. Kwa hiyo siri ya kuzuia si nguvu, bali ni kuona mapema.

Na hapo ndipo penye upungufu. Mawe yenye upana wa kilomita 1 na zaidi, karibu yote yamekwisha kuonekana. Lakini yale yenye mita 140 na zaidi, ambayo yaweza kuangamiza mkoa mzima, hukisiwa kuwa 25,000 hivi, na yaliyoonekana hayajafika nusu. Yaliyo madogo kuliko hayo ni mengi zaidi, na yajulikanayo ni machache. Tena yako yajayo kutoka upande wa jua, ambako darubini za ardhini haziwezi kutazama.

Liko na jambo la haki ya jirani. Mkisukuma jiwe kidogo kuliko inavyotakiwa, huenda mkaliondoa juu ya nchi moja mkalipeleka juu ya nchi nyingine. Ni nani basi mwenye haki ya kuamua, ikiwa wenye vyombo ni mataifa machache na walio chini ya mstari ni mataifa mengi? Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa ulishauri paundwe jumuiya mbili za kimataifa, moja ya kutangaza hatari na moja ya kushauriana juu ya safari za kuzuia. Ni vyema Waafrika nasi tuwe na wataalamu wetu katika mabaraza hayo, kwani asiyekuwapo barazani hukatiwa shauri na waliopo.

KUJITAYARISHA

Sasa sikilizeni yaliyotukia katika mji wa Chelyabinsk nchini Urusi, tarehe 15 Februari 2013. Siku ile wataalamu walikuwa wakilingojea jiwe jingine, lililojulikana, lipite karibu na dunia. Lilipita kwa salama. Lakini asubuhi ya siku ile ile jiwe lisilojulikana, la upana wa mita 20 hivi, lilikuja kutoka upande wa jua na kupasuka kiasi cha kilomita 30 juu ya ardhi. Hapana aliyeliona kabla. Kuzuia hakukuwapo, kwani huzuii usichokiona.

Kwanza ulikuja mwanga mkali kushinda jua. Watu wakakimbilia madirishani kutazama. Kukawa kimya. Baada ya dakika 2 na zaidi ukafika mshindo, ukavunja vioo vya majumba maelfu. Watu 1,500 hivi walihitaji matibabu, na wengi wao hawakupigwa na jiwe bali walikatwa na vioo vya madirisha waliyosimama wakitazama.

Katika shule moja ya mji ule mwalimu wa darasa la nne alipouona mwanga aliwaamuru watoto wake 44 waingie chini ya madawati. Hakujua ni kitu gani. Alijua tu kuwa baada ya mwanga wa namna ile huja mshindo. Vioo vilipopasuka hapana mtoto hata mmoja aliyekatwa. Yeye mwenyewe alibaki amesimama, akajeruhiwa mkono vibaya. Nami nikasema moyoni: huyu alitumia dakika mbili zile kuwaokoa wanafunzi wake, na mimi nilitumia dakika mbili zangu kumkemea wangu.

Matayarisho basi ni elimu ndogo iliyowekwa mahali pake kabla ya siku yake. Kila mmoja wetu ajua kuwa umeme wa radi huonekana kwanza na ngurumo husikika baadaye. Kimondo ni vivyo hivyo. Ukiona mwanga mkubwa usio wa kawaida mbinguni, usiende dirishani. Kaa mbali na vioo, inama chini ya meza au nyuma ya ukuta imara, ungoje mshindo upite. Maneno hayo mama aweza kuwafundisha wanawe kwa muda wa kuchemsha chai.

Na matayarisho yako pia kwa wenye darubini. Tarehe 6 Oktoba 2008 jiwe la mita 4 hivi liliondekana huko Arizona, Marekani, na kwa mara ya kwanza katika tarikhi wataalamu wakatangaza mapema mahali na saa ya kuanguka kwake. Lilipasuka siku ya pili, muda usiofika saa 24, juu ya jangwa la kaskazini ya Sudan. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Khartoum waliingia jangwani wakapanga mstari, wakatembea wakiokota vipande, na mwishowe yalipatikana mawe 600 hivi. Mawe hayo yaliitwa Almahata Sitta, kwa jina la kituo cha gari moshi kilicho karibu, yaani Kituo cha Sita. Lau jiwe lile lingekuwa kubwa zaidi na chini yake pana mji, saa zile zingetosha kuwahamisha watu wengi, mradi pawe na mtu wa kuwaambia, na wao wawe watu wa kusikia.

JE, NI KUSHINDANA NA KADARI?

Mzee mmoja wa barazani kwetu aliposikia haya alisema, "Ya mbinguni tuyaachie mwenyewe Mola. Kusukuma mawe ya angani ni kushindana na kadari." Namheshimu mzee huyo, ni mkubwa wangu. Nikamwuliza kwa adabu, "Babu, mvua si kutoka mbinguni? Mbona umeezeka nyumba yako kwa mabati, na kila kabla ya masika wapanda juu kuziba matundu?" Akacheka, nasi tukacheka pamoja naye. Kadari hatuijui, kazi yetu twaijua. Aliyepewa macho ya kuuona mwamba na mikono ya kushika usukani, kisha akakaa tu, hana haki ya kuusingizia mwamba.

SHAURI LETU

Kwa ufupi, kuzuia na kujitayarisha si wake wenza hata wagombane. Jiwe kubwa halina matayarisho yatakayotosha. Hilo ni la kuzuiwa, na kuzuiwa kwake kwataka miaka. Jiwe dogo halitaonwa kwa wakati, wala safari ya kulizuia haina maana. Hilo ni la kujikinga nalo. La kati lataka yote mawili: kusukumwa ikiwa wakati upo, na kuhamisha watu ikiwa wakati hauko. Na yote yasimama juu ya nguzo moja, nayo ni kuona mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na usipouona ufa, utauziba na nini?

Kwa wazazi nasema: mtoto akikuletea khabari ya kutisha, usimcheke wala usimkemee. Ikiwa hujui, mwambie hujui, kisha mwende pamoja kwa ajuaye. Kwa vijana nasema: someni hesabu na fizikia, kwani ilmu ya falaki ilipata kuwa ya mababu zetu wa baharini walioongozwa na nyota, na milango yake haijafungwa. Wala msipeleke ujumbe wa simu kabla hamjaukunja mkeka.

Yule mtoto sasa alala vizuri. Amepata khabari ya jiwe jingine liitwalo Apophis, lenye upana wa mita 340 au zaidi kidogo, ambalo mwaka 2004 lilitia watu khofu, na vipimo vya mwaka 2021 vikaonyesha kuwa halina hatari kwa dunia kwa miaka 100. Usiku wa Ijumaa 13 Aprili 2029 kuamkia Jumamosi litapita mbali na ardhi kwa kilomita 32,000 hivi, na watu wa Afrika, Ulaya na magharibi ya Asia wataweza kuliona kwa macho matupu, mbingu zikiwa safi, likienda kama nyota isafirio. Ameniandikia tarehe hiyo nyuma ya mlango wa chuo kwa chaki. Amenishurutisha kuwa usiku huo tutatandika mkeka uwanjani sote pamoja, tukeshe tulitazame, na sarafu nije nayo mimi.

Inshallah, tukijaaliwa uhai, nitakwenda.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya visima vya mitaani na usafi wake. Wassalaam.